Plagi ya Mjomba Zvidzai

Mimi nikimwona fundi anakata plagi ya redio ya gari kwa koleo, damu inanichemka. Nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo. Hapa Gweru ndivyo wengi wanavyofanya: mteja analeta gari la zamani, anataka redio mpya, fundi anachomoa ile iliyotoka kiwandani, anakuta plagi ya nyuma hailingani na ya redio mpya, basi kacha! Anasokota waya kwa waya, anazungushia utepe mweusi, anapokea chake. Mwaka ukipita utepe umelegea kwa joto, waya zimegusana na taa za gari zimekufa, na fundi wakati huo hapokei simu.

Nasema kwa ukali kwa sababu na mimi nilikata. Nyani haoni kundule, wanasema, ila mimi langu nimeonyeshwa hadharani kwa miaka kumi na minne.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na miezi mitatu tu ya gereji, nikajiona fundi. Mjomba wangu Zvidzai, kaka yake mama, alikuwa na Mazda 323 nyeupe ya mwaka tisini na moja, aliyoipenda kuliko suti zake zote. Akaniambia, "Tafi, niwekee redio ya CD." Nikaingia chini ya dashibodi kwa mbwembwe, nikakata plagi nzima, nikaunga rangi kwa rangi: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hakuna aliyeniambia kwamba rangi za kiwanda hiki si rangi za kiwanda kile. Nilipowasha, moshi ukatoka. Redio mpya ikafa pale pale, na ile ya zamani haikuwa tena na mahali pa kuchomekwa.

Mdogo wake Mjomba, Mjomba Takesure, alikuwa ameegemea geti akila matunda ya mazhanje na kutema mbegu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, mpwa wetu ni daktari wa upasuaji!" akasema. "Shida yake ni moja tu. Akishapasua hajui kushona!"

Mjomba Zvidzai yeye hakucheka wala hakufoka. Alikuwa mtoa dawa zahanatini, mtu wa kunena taratibu. "Rudisha kifuniko," akaniambia. "Tutaona."

Baada ya kama mwezi nikapanda gari lile, nikakuta redio ya zamani ya kaseti imerudi mahali pake, inaimba. Nikadhani amelipeleka kwa fundi wa kweli. Sikuuliza, aibu ilinifunga mdomo. Yeye naye hakusema neno, ila wiki ileile aliniletea mteja, daktari mmoja wa zahanati yao, na baada ya huyo akaleta mwingine. Gereji niliyo nayo leo ilianza kwa wateja wa Mjomba Zvidzai. Mjomba Takesure naye hakuchoka: kila arusi, kila msiba, hadithi ya daktari asiyejua kushona ilisimuliwa, na watu wakacheka kana kwamba ni mpya.

Mjomba Zvidzai alifariki Oktoba ya mwaka juzi. Moyo ulisimama tu, akiwa kazini, kalamu mkononi.

Kwetu mali ya marehemu haigawiwi siku ya mazishi. Inasubiri mpaka ukoo ukutane, na katika kusubiri huko kitu hakibadilishwi. Jembe likae lilivyoachwa, koti likae na vifungo vyake. Na anayesimamia mgao ni mpwa, mtoto wa dada, kwa kuwa yeye hana fungu la kugombania. Yaani mimi. Ukoo ulikubali mkewe aendelee kuendesha Mazda kwenda kazini, kwa sharti moja lililotamkwa na Mjomba Takesure mbele ya wote: gari lirudi mgaoni kama kaka alivyoliacha. Kila mtu alijua kwa nini alilitamka. Alikuwa analitaka.

Mwezi wa nne ile redio ya kaseti ikanyamaza. Mwezi wa tano, Jumamosi asubuhi, mke wa Mjomba akaingia gerejini kwangu. Jina lake la nyumbani ni Mama Shuvai, lakini mimi humwita ambuya, maana kwetu mke wa mjomba ni bibi yako hata kama amekuzidi miaka minane tu. Na bibi na mjukuu hutaniana.

"Mume wangu mdogo," akasema, "bado hujaoa? Basi nitengenezee redio."

"Ambuya, talaka yangu iko wapi kwanza?" nikamjibu. Lakini niliona macho yake yamevimba.

Nikaifungua ile redio mezani. Moyo wake ulikuwa umekwisha, na vipuri vyake havipatikani tena. Nikamwambia.

"Basi niwekee mpya."

"Haiwezekani, Ambuya. Unajua sharti."

"Nalijua." Akakaa kwenye tairi. "Tafi, sikiliza. Nafundisha kule chini ya mlima Boterekwa. Kila siku napanda na kushuka zile kona peke yangu. Miaka ishirini nilikaa kiti cha abiria, yeye anaendesha, redio inasema, sisi tunabishana na redio. Sasa kimya. Kimya kile kinanila. Jumanne nilijikuta namjibu. Nimegeuza kichwa namjibu mtu hayupo, nikarudi barabarani lori liko mbele yangu, nami niko upande wake."

"Si uweke simu ipige muziki?"

"Gari linavyonguruma nitasikia nini? Nikaweka redio ndogo ya betri kitini. Kwenye kona ikaanguka, ikaingia chini ya pedali ya breki. Unataka kunizika?"

Hesabu yake haikuwa ngumu. Nikiweka redio mpya, na Mjomba Takesure akiiona, Ambuya ataambiwa amekula mali kabla ya mgao, na gari litamponyoka. Bila gari hakuna kazi, maana hakuna basi la kumfikisha kule kabla ya kengele. Na mimi nitavuliwa usimamizi, mgao uangukie mikononi mwa anayelitaka gari. Nisipoweka, iko siku lori halitakwepa.

"Nitaweka," nikasema. "Lakini kwa namna ya kuweza kuiondoa. Siku ya mgao ya zamani itakuwa mahali pake, hata mwenye jicho kali hatajua."

Nilisema hivyo kwa kujigamba tu. Nilijua kilichoko nyuma ya ile dashibodi. Mimi ndiye niliyekichinja.

Nikachomoa waya hasi wa betri kwanza, kama inavyotakiwa. Nikafungua skrubu mbili, nikavuta fremu, nikapenyeza tochi pale redio ilipokuwa. Siku ya kuichomoa niliipapasa tu kwa mkono nyuma bila kutazama. Nilitarajia kuona visiki vya waya, madonge ya utepe, kazi ya fundi wa pili aliyefunika aibu ya fundi wa kwanza.

Nikaona plagi. Plagi nzima ya kiwandani, nyeupe, imetulia. Nyuma yake, kwa umbali wa kiganja, kila waya ulikuwa umeungwa kwa risasi ya kulehemu na kuvikwa mpira mwembamba. Maungio yenyewe yalikuwa manene kidogo, ya mkono usio wa fundi, lakini imara. Na kila waya ulikuwa na kipande cha plasta ya zahanati, kimeandikwa kwa kalamu, kwa ule mwandiko wima ulioandika "mara tatu kwa siku" kwenye bahasha za dawa za ukoo mzima. Umeme wa kudumu. Umeme wa ufunguo. Ardhi. Spika ya kulia. Spika ya kushoto. Na juu ya fungu lote, plasta moja pana:

USIKATE, TAFI. PLAGI IPO.

Nilibaki na kichwa ndani ya dashibodi kwa muda mrefu. Ambuya akadhani nimepigwa na umeme.

"Ameiona," akasema, akijisemea mwenyewe. Kisha akanisimulia. Jumamosi tatu Mjomba alizunguka vichakani kwenye magari mabovu, akitafuta Mazda kama yake, mpaka akapata moja iliyogongwa nyuma, akainunua plagi na mkia wake wa waya. Akaazima kitabu. Akanunua chuma cha kulehemu. Alijichoma vidole, akajifunga plasta, na plasta iliyobaki ndiyo aliyoandikia.

"Nikamwambia, mpelekee Tafi, si ndiye fundi? Akasema hapana. Nikimpelekea atajua nimerudia kazi yake, na atavunjika moyo. Mwache, akasema, iko siku atafungua mwenyewe, na siku hiyo atakuwa anajua."

Watu husema wanaume hawalii. Wanaume hao sijui wanaishi wapi. Nililia pale kwenye kiti cha dereva na sikujificha. Yule mtu alinifichia kosa langu miaka yote, na huku ananiletea wateja aliowahakikishia kwamba nina mkono mzuri. Kushukuru ningemshukuru, lakini nilikuwa nimechelewa miezi saba.

Kazi yenyewe baada ya hapo ilikuwa raha. Ile redio ya CD niliyoiunguza bado ilikuwa chini ya meza yangu, niliiweka kama adhabu, lakini haikuwa na faida hapa. Nilichohitaji ni redio mbovu ya Mazda ya aina ileile. Nikaipata kwa muuza vyuma chakavu, nikaing'oa soketi ya nyuma, ile inayopokea plagi ya kiwandani. Mezani, siyo ndani ya gari, nikaunga soketi hiyo na waya za redio mpya, mmoja mmoja, nikifuata maandishi ya Mjomba na kupima kila waya kwa mita kabla sijaamini. Sikumpima yeye, nilijipima mimi. Hakuna alipokosea. Ikawa daraja fupi: upande huu plagi ya gari, upande ule redio mpya. Ukitaka kurudi ulikotoka, unachomoa daraja na yamekwisha.

Nikasukuma redio mpya ndani, nikarudisha waya wa betri, nikawasha. Mtangazaji akaanza kuropoka juu ya bei ya mahindi.

"Mwongo huyo," akasema Ambuya, na akaongeza sauti.

Ile ya zamani nikaifunga kwenye foronya, nikaiweka juu ya kabati.

Mgao ukawa mwezi wa nane, kule nyumbani Shurugwi. Nilipanga kufika jana yake, nirudishe redio ya zamani kimyakimya. Basi likaharibika njiani, nikafika asubuhi ya siku yenyewe na begi langu begani, nikamkuta Mjomba Takesure ameshamwambia Ambuya ampe funguo za gari, "kwa usalama." Mazda ilikuwa imefungwa, na yeye amekaa karibu nayo kwenye stuli kama askari wa benki.

Tukaanza. Nguo zikatandazwa mkekani, pombe ikamwagwa, majina yakaitwa. Mikono yangu ilifanya kazi lakini macho yalikuwa kwa Mjomba Takesure. Tulipomaliza nguo akasimama, akafungua mlango wa gari, akaingiza ufunguo. Redio mpya ikawaka taa zake za buluu mbele ya ukoo mzima.

"Haya!" akasema. "Mnaona wenyewe? Kaka alikuwa na disko humu ndani?"

Akatoka garini, akaninyooshea kidole.

"Niliweka sharti moja. Moja! Mali imeguswa kabla ya mgao. Aliyegusa amejipa fungu lake, asipewe jingine. Na fundi wa disko hili mnamjua, ndiye huyo aliyekaa juu ya mkeka anatugawia. Mpwa gani huyu?"

Ambuya akainuka. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Kaa chini, Mama Shuvai," akasema Shangazi Ratidzo. Huyo ndiye dada mkubwa wao, kwangu mama mkubwa ila ukoo mzima humwita Shangazi, na akisema kaa unakaa. Akanigeukia. "Tafi, ni kweli?"

"Ni kweli, Shangazi. Na ruhusa ilipaswa kuombwa, hatukuomba. Hilo ni kosa letu. Lakini gari halikuharibiwa. Redio ya Mjomba ninayo begini. Nipeni muda wa kuchemka birika moja nitairudisha."

Mjomba Takesure akapiga makofi. "Sikieni! Airudishe kwenye nini? Mimi nilikuwepo, jamani. Mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nilimwona huyu anakata plagi ya gari hili kacha! Miaka kumi na minne nawasimulia. Daktari asiyejua kushona! Hakuna plagi humo. Ataiegesha tu redio mdanganyike."

Watu wakaguna. Wote waliijua ile hadithi, walikuwa wameicheka wenyewe. Sasa ilikuwa ushahidi.

"Basi njoo uangalie," nikamwambia. "Usiwe mbali. Shika tochi."

Nilitoa waya wa betri. Nikafungua skrubu, nikavuta redio mpya, nikachomoa daraja langu nikaliweka juu ya kiti. Nikajitoa nje ya gari. "Ingiza kichwa, Mjomba. Niambie kama kuna plagi."

Akaingia kwa majivuno, tochi mbele. Tukaona mgongo wake tu. Tukasubiri. Mgongo haukusogea.

"Takesure," akaita Shangazi. "Unaona nini?"

"Plagi ipo," akajibu kutoka ndani, sauti ndogo.

"Imekatwa?"

"Hapana. Ina... ina maandishi."

"Ya nani?"

Akasogeza kichwa ndani zaidi.

"Soma basi, wote tusikie. Au hukusoma shule?"

Akasoma. "Umeme wa kudumu. Umeme wa ufunguo. Ardhi. Spika ya kulia." Tochi ikasogea. "Spika ya kushoto. Usikate, Tafi. Plagi ipo."

Shangazi Ratidzo akatwaa mkongojo wake, akaenda mpaka mlangoni, akamsukuma kando, akatazama mwenyewe. Alikuwa na bahasha za dawa za presha nyumbani kwake alizokataa kuzitupa kwa sababu ya mwandiko uleule. Akatoka akifuta macho kwa ncha ya kanga, halafu ghafla akacheka. Tangu mazishi hakuna aliyemsikia akicheka.

"Zvidzai, wewe!" akasema. "Hata kaburini unatoa maelekezo ya dawa!"

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Mjomba Takesure hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, tochi bado inawaka mchana kweupe.

"Miaka yote hiyo namcheka huyu," akasema, "na kaka anakaa palepale ananisikiliza. Hakuniambia kitu." Akaizima tochi. "Kumbe alishona."

Nikaichomeka redio ya zamani, ikaingia tik! Nikarudisha betri. Kaseti haikuzunguka, ilikuwa imekufa, lakini taa yake ndogo ya manjano iliwaka.

"Haiimbi," mtu mmoja akanong'ona.

"Imemfuata mwenyewe," akasema Shangazi. "Hilo si kosa la mtu. Gari liko kama alivyoliacha. Tafi na Mama Shuvai, kwa kutouliza, faini ya jogoo mmoja, na apikwe leo leo. Gari ni la Mama Shuvai. Takesure, una neno?"

Akasimama. Nikajiandaa kwa ubishi. Akamwendea Ambuya, akapiga goti moja, akampa funguo kwa mikono miwili.

Desturi ni kwamba mpwa akimaliza kugawa, naye huchagua kitu kimoja. Walidhani nitachukua baiskeli. Nikaomba chuma cha kulehemu. Ambuya akakitoa kwenye boksi la viatu: waya wake ulikuwa umefungwa plasta ya zahanati mahali pawili, na hakikuwa kimetumika tena tangu ile kazi moja.

Kesho yake asubuhi mgao ulikuwa umekwisha na gari lina mwenyewe, kwa hiyo redio mpya ikarudi mahali pake. Mjomba Takesure ndiye aliyenishikia tochi, bila kuombwa, na hakuacha kunisimanga. "Taratibu, daktari. Usije ukaniua mgonjwa." Nikamwambia anyamaze, anatikisa mwanga.

Kabla sijafunga, nikamwomba Shuvai, mtoto wa marehemu, aniletee plasta na kalamu. Nikakata kipande, nikakibandika chini ya kile kipana cha Mjomba, kwa mwandiko wangu mbaya. Nilitaka kuandika mengi, ya wateja, ya kimya chake, ya kona za Boterekwa ambazo mkewe sasa anazipita akibishana na mtangazaji. Plasta ilikuwa fupi.

Nikaandika: Sikukata, Mjomba. Asante.

Kisha nikarudisha kifuniko.